Nani Atakutoa Nyuzi?

Fungua Instagram usiku wa leo, utafute kliniki ya upasuaji wa urembo hapa Nairobi. Utaonyeshwa tumbo la kabla na tumbo la baada. Pua ya kabla, pua ya baada. Utaambiwa bei, utaambiwa unaweza kulipa polepole, utaambiwa hata maegesho ni ya bure. Kuna kitu kimoja utakitafuta hadi bando iishe: nyuzi zitatolewa siku gani, atazitoa nani, na kama siku hiyo utaitishwa pesa tena. Kati ya picha ya kabla na picha ya baada kuna wiki mbili ambazo hakuna mtu anazipiga picha. Hizo wiki mbili ndizo nataka tuziongelee.

Hoja yangu ni moja, na naitoa mapema ili tusipotezeane muda. Kutoa nyuzi ni sehemu ya upasuaji. Si huduma ya baadaye, si fadhila, si mambo ya "utatupigia tu". Kliniki ikikupasua bila kukuandikia tarehe ya kutolewa nyuzi, bila kukuambia atazitoa nani, na bila kuihesabu kazi hiyo kwenye bei, imekuuzia nusu ya upasuaji kwa bei ya upasuaji mzima. Na sisi tumezoea kununua nusu, tukasema asante daktari.

Kabla hujauliza: la, mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasomea kitu chochote chenye damu. Najitafutia kwa kuandika. Maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi za watu wasiojua kuhutubu, maneno ya mitandaoni. Kuna wakati kliniki moja ya urembo ilinipa kazi ya kuandika maneno ya picha zao, thelathini kwa mwezi. Orodha ya mada niliyotumiwa ilikuwa ndefu: ofa, kujiamini, Siku ya Wapendanao, zawadi kwa mama. Nikauliza kama naweza kuandika hata moja kuhusu wiki ya kwanza baada ya kushonwa. Mtu aoge vipi, alale vipi, nyuzi zitolewe siku ya ngapi. Jibu lilikuja kwa sauti kwenye WhatsApp, sekunde sita: "Hiyo itaogopesha wateja." Kazi iliisha baada ya miezi miwili. Malipo ya mwezi wa pili nayasubiri mpaka leo, lakini hilo ni deni la makala nyingine.

Itaogopesha wateja. Nimelifikiria hilo jibu sana. Kisu hakiogopeshi, dawa ya usingizi haiogopeshi, bei yenyewe haiogopeshi, ila kumwambia mtu arudi Jumanne ndiko kutamtoa mbio?

Wacha tuone kwa nini hiyo Jumanne ina uzito.

Uzi hauponyi. Uzi unashikilia tu. Kazi yake ni kuweka kingo mbili za ngozi pamoja hadi mwili uziunganishe wenyewe. Ukiutoa mapema mno, kingo zinaachana, kidonda kinafunguka, na kovu linapanuka. Ukiuchelewesha, ngozi inaanza kuota ikifuata njia ya uzi, inaingia ndani ya yale matundu madogo, huku uzi wenyewe ukiendelea kubana ngozi iliyo chini yake. Hapo ndipo unapata lile kovu linalofanana na reli: mstari mmoja wa kisu, na mataruma yamepangwa kulia na kushoto. Ule mstari ni wa upasuaji. Yale mataruma ni ya uzi, na mara nyingi ni ya uzi uliokaa kuliko siku zake.

Ndiyo maana kila sehemu ya mwili ina kalenda yake. Kope, siku 3 hadi 5. Sehemu nyingine za uso, siku 5 hadi 7, kwa sababu uso unapata damu nyingi na unapona haraka. Ngozi ya kichwa, siku 7 hadi 10. Kifua, tumbo na mikono, siku 10 hadi 14. Miguu, na mahali panapokunjwa na kuvutwa kila saa kama magoti, wiki mbili au hata tatu. Hizi ni hesabu za kawaida, si amri. Mwenye kisukari, mvuta sigara, na mtu anayetumia dawa za steroidi wanaweza kupona polepole, na daktari akaisogeza tarehe.

Tena kuna nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, na kuna zisizoyeyuka. Mara nyingi mtu mmoja anashonwa kwa zote mbili: zinazoyeyuka kwa ndani, zisizoyeyuka kwa juu. Sasa niambie, mtu aliyekuwa amelala kwa dawa ya usingizi atajuaje ameshonwa kwa gani, kama hakuna aliyemwandikia? Ndiyo unaona wasee wanakaa na nyuzi za nailoni usoni mwezi mzima, wakingoja ziyeyuke. Nailoni ya juu ya ngozi haiyeyuki, buda. Itakungoja.

Na kutoa nyuzi si kusema umepona. Hili nalo halisemwi. Wiki ya pili, kidonda bado hakijafikisha hata robo ya nguvu ya ngozi nzima. Inachukua kama miezi mitatu kukaribia asilimia 80, na mia haifiki tena maisha yako yote. Kwa hivyo yule aliyekazwa ngozi ya tumbo, akatolewa nyuzi siku ya 14, halafu siku ya 15 akabeba mtungi wa maji hadi ghorofa ya nne, si mjinga. Ni mtu ambaye hakuambiwa.

Hakuna lolote kati ya haya lililo siri ya madaktari. Wauguzi wanalijua, wanafunzi wa udaktari wanalijua. Huhitaji digrii kuhesabu siku saba. Unahitaji tu mtu akuambie hesabu inaanza lini na inaishia wapi.

Watetezi wa kliniki watasema: lakini tunawaandikia! Sawa, tuangalie mnachoandika. Kama umewahi kutoka hospitali yoyote ya Kenya, unaijua ile karatasi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu aliyechoka, kuna herufi TCA halafu 2/52. Maana yake ni kwamba urudi baada ya wiki mbili, yaani wiki mbili kati ya zile 52 za mwaka. Ikiandikwa 7/7 ni siku saba. Ikiandikwa 3/12 ni miezi mitatu. Ni lugha nzuri sana kati ya daktari na nesi. Kwa mgonjwa ni hesabu ya darasa la tano isiyo na jibu. Nimewahi kumwona mama kwenye matatu akiishika karatasi hiyo juu chini, akimwuliza kondakta kama 2/52 ni tarehe mbili. Kondakta akamwambia labda ni namba ya chumba.

Kuandika "Jumanne tarehe 14, saa nne asubuhi, nyuzi 6 zisizoyeyuka, mwone nesi wa kidonda" kunachukua sekunde ngapi zaidi?

Gharama ya hizo sekunde naijua kwa sura. Binamu yangu alikuwa na kidoa cheusi kilichoinuka juu ya mdomo. Kidogo hivi, kama punje ya mtama. Anafanya kazi ya mapokezi, uso ndio ofisi yake, na aliweka akiba miezi saba ili akiondoe. Kiliondolewa kwa nusu saa, akashonwa nyuzi tano, akaambiwa "tutakuita". Hakuna aliyemwita. Siku ya saba akapiga simu, akaambiwa daktari amesafiri. Siku ya kumi akaambiwa aje, lakini kumwona daktari ni shilingi 3,500 nyingine, kwa sababu ati hiyo ni ziara mpya. Mwisho wa mwezi haukuwa umefika. Siku ya kumi na sita, kijana wa duka la dawa mtaani alizitoa nyuma ya kaunta kwa mia tatu. Kidoa kiliisha kweli. Mahali pake kuna mstari na vidoti kumi, vitano juu, vitano chini. Akicheka vinaonekana kwanza kabla ya meno.

Mtu asimlaumu yule kijana wa duka la dawa pekee. Yeye alikuwa mwisho wa foleni ndefu ya watu waliokataa kazi yao.

Hapa najua kuna msomaji ameshakunja uso: si alijitakia? Nani alimtuma akatengeneze uso? Kuna akina mama hawana hata pamba za kujifungulia, wewe unatulilia nyuzi za warembo.

Hoja hii naiheshimu nusu. Ni kweli hospitali zetu zina vidonda vikubwa kuliko hivi. Lakini tuulizane, ni nani hasa huyo mrembo tunayemcheka? Upasuaji wa kurekebisha mwili si makalio ya kununuliwa peke yake. Kuna aliyeungua mafuta akiwa mtoto. Kuna aliyepunguzwa matiti kwa sababu mgongo ulikuwa unamuua. Kuna aliyetobolewa masikio, tundu likageuka keloidi kubwa kama zabibu. Na hata huyo wa makalio, akishalipa na kupasuliwa, kidonda chake hakijui kwamba alikuwa na tamaa. Kinapona au kinaoza kwa sheria zilezile. Tena ile tabia ya kumshona mtu na kumwacha na 2/52 ndiyo hiyohiyo inayomngoja mama aliyejifungua kwa upasuaji. Ukiitetea kwa mmoja, umeitetea kwa wote.

Zaidi ya hapo, "ulijitakia" ndiyo biashara inayoitegemea. Mtu aliyefanya upasuaji kwa siri, ambaye hata nyumbani alisema anaenda semina Naivasha, hatarudi kliniki kupiga kelele. Hataandika malalamiko. Atajifungia bafuni na mkasi wa kucha na video ya TikTok, ajitoe mwenyewe. Video haitamwambia kwamba uzi unakatwa karibu kabisa na ngozi, upande mmoja tu, ili ile sehemu ya nje iliyokaa na vumbi na jasho wiki nzima isivutwe kupita ndani ya kidonda. Haitamwambia kwamba kipande kikibaki ndani kinaweza kuleta usaha. Aibu yetu inawapunguzia wao kazi.

Na ngozi yetu ina mambo yake. Sisi watu wa asili ya Afrika tunapata keloidi zaidi ya wengi, hasa masikioni, kifuani na mabegani. Keloidi haianzi siku ya nyuzi. Inaweza kuanza miezi kadhaa baadaye, wakati kliniki imeshasahau jina lako. Kidonda kilichovutwa, kilichoingia uchafu, au kilichokaa na nyuzi kupita kiasi kinaiandalia njia. Daktari makini atakuuliza kabla ya kisu: una keloidi? Kwenu kuna aliye nayo? Atakuona baada ya nyuzi, na atakuona tena baada ya miezi. Hata dalili za maambukizi zinasomwa tofauti kwetu. Vijitabu vingi vinasema angalia wekundu. Wekundu upi, kwenye ngozi yangu? Kwetu tunaangalia joto, uvimbe, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, harufu, usaha, homa. Mtu wa kukuelekeza haya ni yule aliyekushona, na siku ya kukuelekeza ni ile siku ambayo hakuipanga.

Hili ndilo linalonikera kuliko kovu. Siku ya kutoa nyuzi ndiyo siku ya ukaguzi. Ni siku ambayo mtu mwenye ujuzi anakifunua kidonda, anakibonyeza, anakunusa ikibidi, na kusema hapa pazuri, hapa bado. Mwishoni mwa 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kufyonza mafuta katika kliniki moja hapa Nairobi, na Baraza la Madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki hiyo. Tulipiga kelele wiki moja kuhusu leseni. Vizuri, leseni ni muhimu, na rejista ya KMPDC iko mtandaoni, mtu yeyote anaweza kulitafuta jina la daktari wake. Lakini leseni inakuambia nani anaruhusiwa kukupasua. Haikuambii nani atakuwa pale siku ya tano, siku ya saba, siku ya 14. Upasuaji mwingi unaoharibika hauharibiki mezani. Unaharibikia kwenye keja ya mtu, taratibu, huku simu ya kliniki ikiita bila kupokelewa.

Wanaosafiri nao wasijidhani wamepona. Siku hizi matangazo ya Uturuki na India yanakuja na kila kitu: upasuaji, hoteli, gari la kukupokea uwanjani. Halafu tiketi ya kurudi ni siku ya tano au ya saba. Fanya hesabu ya kalenda niliyokupa. Uso labda utakuwa tayari. Tumbo halijakuwa. Unatua JKIA na nyuzi zilizoshonwa na mtu usiyeweza kumpigia kwa lugha yoyote mnayoelewana, na daktari wa hapa, kwa haki kabisa, anasitasita kugusa kazi ambayo hakuiona ikifanywa. Bei ilikuwa rahisi kwa sababu wiki ya pili iliachiwa wewe.

Nimewasikia madaktari pia, na wana lalamiko la kweli: wateja hawarudi. Wanapangiwa tarehe, hawaonekani. Sawa. Lakini jiulizeni kwa nini mtu aliyepanda boda saa kumi na moja asubuhi ili awahi kupasuliwa anashindwa kurudi kutolewa nyuzi. Kwa sababu kurudi kunalipiwa upya. Kwa sababu bosi alimpa siku nne tu. Kwa sababu karatasi haisomeki. Ondoeni ile ada ya pili, muone kama hawatakuja. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, ya muuguzi aliyefunzwa, kibano safi, mkasi safi na plasta. Wahenga waliwaona mapema: mmekula ng'ombe mzima, mnashindwa na mkia?

Sheria nayo haijanyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na kile alicholipia. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa manufaa, hatari, gharama na matokeo ya matibabu, na inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Sijui kama kuna mahakama itakayosema TCA 2/52 ni lugha anayoielewa mtu wa Kayole. Ningependa mtu aende akaulize.

Basi ninachodai ni kidogo, kidogo mpaka kinachekesha. KMPDC iseme kwamba kila kliniki inayotangaza bei ya upasuaji wa urembo ihesabu ndani yake kutoa nyuzi na kukagua kidonda, bila ada nyingine. Iseme kwamba hakuna anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila karatasi yenye tarehe kamili, aina ya nyuzi, idadi yake, na namba ya simu inayopokelewa usiku, kwa Kiswahili kinachosomeka. Idadi ya nyuzi hasa naisisitiza. Ukiambiwa sita, zikatolewa tano, utajua kuuliza.

Kabla hilo halijatokea, nguvu iko kwako ungali umeshika doo yako. Usiulize tu "ni how much". Uliza: nyuzi ni za aina gani? Zitatolewa siku ya ngapi? Nani atazitoa? Wewe daktari utakuwepo nchini wiki hiyo? Nitalipa tena? Nikipata homa saa sita usiku nampigia nani? Waandike majibu, au waandike kwenye WhatsApp, mradi yabaki. Kliniki ikikujibu vizuri, hongera, umepata watu wa kazi, na wapo. Ikianza kukuambia usijali mrembo, hayo tutaongea baadaye, funga mkoba wako uondoke. Baadaye ndiyo hiyo unayonunua.